Mistari kwenye video ya ndoa na foto zenye kuwa flu

Ndugu yangu, umeuliza juu ya nini video yako ya ndoa hapa Goma iko na mistari inapitapita juu ya ukuta, na foto za batu benye kucheza zote ziko flu, sura hazionekane wazi. Minaona kamera yako ni muzuri, shida ni otomatiki, itoe, weka M, ni kusema wewe mwenyewe unachagua kila kitu.

Kwa video anza na vitesi, ni wakati kamera inaacha mwangaza iingie, kama unafilme picha 25 kwa segonde weka 1/50 ya segonde na usiiguse tena. Kurenti yetu ni ya herzi 50, ampule nyingi zinapanda na kushuka mara 100 kila segonde hata kama jicho haione, sasa ukiweka 1/80 ao 1/125 kila kipande cha picha kinapata mwangaza yake, njo ile mistari. Mwangaza ikikosa fungua diafragma (tundu ya ndani ya objektifu) kwanza, f/2.8 kama objektifu inafika, kisha pandisha ISO (nguvu ya kamera ya kushika mwangaza), na 3200 isikuogopeshe kabisa, chembechembe zenye inaleta ku picha ni afazali kuliko sura ya mama ya bibi arusi yenye kufutika.

Foto za kucheza, 1/250, mistari ikirudia shuka 1/100 na ungojee batulie kidogo.

Na ile kanzu nyeupe! Ukitumia A, kwenye wewe unachagua diafragma na kamera inachagua vitesi, kamera inaona mwangaza ni mingi, inatia giza, wewe ongeza mwangaza +1. Juu ya mawe meusi ya volkano ni kinyume, punguza.

Ku ziwa saa sita ya mchana 1/50 itaunguza mbingu, tafuta filitre ya ND, kioo cheusi cha kuweka mbele ya objektifu juu ya kupunguza mwangaza.