Anayerekodiwa aulizwe kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vyombo vya habari vya kisasa vinajenga au vinabomoa utambulisho wa jamii za asili. Nitajibu kwa ninayoyaona Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, ninakofuata vitunguu kila msimu.

Magari ya watalii huwahi kambi za Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachimba mizizi, kabla jua halijachomoza. Nimewaona vijana niliowaacha jana yake na fulana na kaptula wakijifunga ngozi ya nyani kwa kuwa mgeni kaja na kamera. Ngozi ni yao, upinde ni wao, na kuwinda wanawinda kweli. Kinachoniuma ni kwamba video ikishapanda mtandaoni, jamii nzima inabaki kuwa mtu wa kale anayekula nyani. Jamaa zangu wa Dar es Salaam huzitazama, kisha wananiuliza kama watu hao wana majina!

Akina mama wanaochimba mizizi tangu asubuhi hawamo. Ubuyu haumo, wala yule ndege anayeitikiana na wawindaji kwa miluzi hadi awafikishe kwenye mbuyu wenye asali. Kihadzabe, lugha ya vidoko, ile milio ya ulimi mdomoni, isiyo na ndugu anayejulikana duniani, hufunikwa kwa muziki. Na hati ya kimila ya ardhi waliyoipata mwaka 2011 kule bonde la Yaeda sijaisikia ikitajwa katika video hata moja, ilhali bila ardhi hiyo hakuna pa kuwindia.

Kwa hiyo vinabomoa, ndiyo, pale anayerekodiwa anapokuwa hana kauli juu ya picha yake. Wahadzabe wenyewe wanajua kutenga cha kuonyesha na cha kuficha: epeme, ngoma yao ya heshima kuliko zote, huchezwa usiku usio na mwezi, mioto imezimwa.

Simu yenyewe siilaumu. Msimu uliopita kijana mmoja wa Kihadzabe, mbeba magunia, alinisikilizisha sauti aliyorekodi: bibi yake akisimulia hadithi kwa lugha yao, karibu nusu saa, bila picha. Mimi sikuelewa neno, yeye alikuwa akicheka na kunyamaza mahali panapostahili. Nikamuuliza ataiweka lini mtandaoni watu waisikie.

Akanijibu kwamba bado hajamuuliza bibi.