La Liga na kikomo cha mishahara
Je, La Liga, ligi kuu ya Hispania, ina kikomo kimoja cha mshahara kwa kipa na kingine kwa straika? Hapana, hawana vikomo tofauti. Kikomo ni cha klabu nzima: mishahara ya kikosi na makocha, pamoja na ada za usajili zikigawanywa kwa miaka ya mkataba. Ndiyo maana Agosti 2021 Messi aliondoka Barcelona ingawa alikuwa tayari kukatwa nusu ya mshahara. Hesabu ya klabu ndiyo iliyogoma. Straika kulipwa zaidi ni soko tu, mabao yana bei.

Kikomo cha mchezaji mmoja mmoja kilikuwepo Uingereza hadi 1961, pauni 20 kwa wiki, awe kipa au mfungaji. Kilipofutwa, Johnny Haynes wa Fulham akapewa pauni 100!