Kisima kinanuka petroli: shimo moja halitoshi

Mleta mada, umesema kisima chenu kinanuka petroli tangu masika, kituo cha mafuta kiko kama mita 60 kutoka ukutani kwenu, na fundi aliyeletwa na kituo alichimba shimo moja la mita 3 upande wa bondeni, akakuta udongo msafi, akaondoka. Usikubali jibu hilo. Nimechunguza maeneo ya namna hii kwa miaka 11, mengi yakiwa hapa Dar, na kosa hilo nimelikuta zaidi ya mara moja.

Mafuta hayafuati mteremko unaouona kwa macho. Yakivuja kwenye tangi yanazama kupitia mchanga mpaka yakutane na kitu cha kuyazuia, na huku kwetu pwani mara nyingi kitu hicho ni tabaka la mfinyanzi. Tabaka hilo linaweza kuinamia upande mwingine kabisa na ule inakoteremkia ardhi ya juu.

Kuna kituo kimoja tulikichunguza upande wa Temeke. Ardhi yake inateremkia magharibi, kwa hiyo waliotutangulia walichimba mashimo yote magharibi, wakayakuta safi. Mama mmoja aliyekaa mashariki, tena juu kidogo, alikuwa akilalamika kila siku kuhusu maji yake, anajibiwa kwamba tatizo ni choo chake. Tulianza upya kwa auga ya mkono (keekee kubwa ya kutobolea udongo), kila nusu mita tunaandika rangi ya udongo, unyevu na ukubwa wa chembe. Mchanga mwekundu hadi mita 4, kisha mfinyanzi unaoinamia mashariki. Pale mchanga unapokutana na mfinyanzi, rangi ilikuwa imegeuka kijivu na kipima mvuke kikapiga kelele papo hapo. Petroli ilikuwa imetiririka juu ya mfinyanzi kama mvua juu ya bati, hadi kwa yule mama. Nilikwenda kumwomba radhi, ingawa si mimi niliyemwambia habari za choo.

Ukifika kwenye mfinyanzi, usiutoboe ovyo. Tundu lisilozibwa linayapeleka mafuta kwenye maji ya chini ambayo yalikuwa bado salama.

Sasa maji yenyewe. Dai visima vya uchunguzi, yaani mashimo membamba yenye bomba la kupimia maji, visivyopungua vitatu, vikae pembetatu, na midomo ya mabomba ipimwe urefu na mpima ardhi. Ukitoa kina cha maji kutoka mdomoni kwenye urefu wa kila mdomo, unajua maji yanaelekea wapi. Visima viwili havikupi jibu hilo.

Jambo linaloniuma zaidi ni mahali pa kuweka sehemu ya bomba yenye matundu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Matundu yakianzia chini ya usawa wa maji, mafuta hayaingii bombani na utaambiwa pako safi. Niliwahi kukuta visima vilivyowekwa hivyo wakati wa masika. Mwezi wa kumi maji yaliposhuka hadi kwenye matundu, petroli ikaonekana, kina cha sentimita 20 ndani ya bomba. Familia za jirani zilikuwa zimekunywa maji yale miezi yote hiyo. Matundu lazima yaanzie juu ya usawa wa masika na yafike chini ya usawa wa kiangazi. Pembeni kokoto laini, juu yake bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa), ili maji ya mvua yasipenye.

Sampuli ya maji iwekwe kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae pomoni bila kiputo cha hewa, na ikae kwenye barafu hadi maabara. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani haifai. Omba wapime benzeni, sumu iliyomo ndani ya petroli: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiwango ambacho pua haikinusi. Kwa hiyo hata harufu ikiisha, msirudi kunywa.

Wakati mnasubiri, msichemshe maji hayo. Benzeni inageuka mvuke na mnaivuta jikoni. Msikiinamie kisima mkiwa na sigara wala taa ya moto. Pelekeni malalamiko kwa maandishi NEMC (baraza la taifa la mazingira) na bodi ya maji ya bonde lenu, mkiambatanisha majibu ya maabara.

Ukipata vina vya maji na urefu wa midomo ya mabomba, viweke hapa. Nitakuchorea mwelekeo.