Kufuatilia madoa ya jua ukiwa Mwanza: chora, usihesabu tu

Watu wakisikia nafuatilia madoa ya jua, yale mabaka meusi kwenye uso wake, swali la kwanza ni "leo yako mangapi?" Sawa, namba ina kazi yake na ina kanuni ya miaka mingi, unachukua idadi ya makundi unazidisha kwa 10 halafu unajumlisha doa moja moja, kwa hiyo makundi 3 yenye jumla ya madoa 14 yanakupa 44. Ila ushauri wangu ni mmoja tu, chora. Namba haikwambii doa limetokea wapi, linaelekea wapi, limekua au limesinyaa, na bila hayo habari za sumaku ya jua zitabaki stori tu kwako.

Kabla ya yote macho jamani. Filamu ya eksirei, beseni la maji, miwani nyeusi ya kununua mtaani, vyote hapana. Miwani halisi ya kupatwa kwa jua inafaa kama haina mkwaruzo wala tundu, lakini usithubutu kuivaa halafu ukachungulia kwenye baynokula, mwanga utaitoboa na jicho limekwisha. Baynokula ni ya kumwaga picha kwenye karatasi tu: ziba upande mmoja, ifunge kwenye stendi, weka karatasi nyeupe mita moja na kidogo nyuma yake, na kila baada ya dakika mbili tatu igeuze pembeni ipoe. Watoto wakiwepo usiiache hata kidogo.

Duara mimi nachora la sentimita 11. Jua ni pana kama dunia 109 zikipangwa mstari, kwa hiyo hapo milimita moja ni karibu dunia nzima! Lile kundi la Mei 2024, namba 3664, lilikuwa na upana wa dunia kama 15, yaani kwenye karatasi hii ni sentimita moja na nusu, na lilionekana kwa miwani peke yake bila baynokula.

Muda mzuri ni saa mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi, mchana mawingu yanaanza kupanda na kuelekea saa saba jua liko utosini, shingo inauma bure. Sasa hapa ndipo wengi wanapotea. Picha za SDO, satelaiti ya NASA inayopiga picha jua, zinaweka kaskazini ya jua juu, lakini sisi huku karibu na ikweta asubuhi jua limelala ubavu, kaskazini yake iko kushoto, kwa hiyo doa ambalo kwenye picha linatoka kushoto kwenda kulia wewe ukiwa na miwani utaliona linapanda toka chini kwenda juu siku hadi siku, na kuvuka upande wote linachukua kama wiki mbili. Kwenye karatasi usikisie. Acha baynokula itulie, duara la mwanga litateleza lenyewe, ule ukingo unaotangulia kutoka ndio magharibi ya jua, uandike hapo hapo. Kaskazini ithibitishe kwa kulinganisha na picha ya satelaiti maana karatasi inaweza kugeuza picha kama kioo.

Ukishachora ndio ufungue bando uangalie ramani ya sumaku ya siku hiyo, nyeupe na nyeusi ni ncha mbili tofauti. Doa ni jeusi kwa sababu sumaku pale ni kali inazuia joto lisipande, ni kama nyuzi joto 3,500 za Selsiasi wakati pembeni ni 5,500, na George Ellery Hale ndiye aliyeipima sumaku hiyo mwaka 1908 kule Mount Wilson, Marekani. Utaona makundi ya kaskazini yanatangulia na rangi moja na ya kusini na nyingine, mpangilio ambao unageuka kila mzunguko wa madoa kuongezeka na kupungua, wa miaka kama 11. Mzunguko huu wa 25 ulifika kilele Oktoba 2024, kwa hiyo anza sasa kabla hayajaadimika.

Kundi la kulikalia macho ni lile ambalo nyeupe na nyeusi zimebanana ndani ya doa moja. Hayo ndiyo yanalipuka sana. Mlipuko mkubwa ukitokea mchana wetu, mwanga wake unafika kwa dakika 8 na redio za mawimbi mafupi zinaweza kukata papo hapo, kwa hiyo kama mzee nyumbani bado ana redio ya hivyo, muombe aiwashe siku hizo na muandike saa.