Kimbia kwa Mwendo wa Kuimba

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya mchakamchaka. Asubuhi na mapema tulipangwa mistari miwili, kiongozi akatoa wimbo nasi tukaitikia, na vishindo vya miguu yetu, wengine tukiwa peku, vikawa ndiyo ngoma yenyewe. Hapakuwa na saa, wala hakuna aliyeulizwa amekuwa wa ngapi. Nimekuja kutambua ukubwani kwamba pale ndipo nilipofundishwa kukimbia vizuri, na kwamba mengi niliyojifundisha mwenyewe baadaye yalinipotosha.

Nilirudia mbio nikiwa na umri wa miaka 38, tena kwa pupa. Nilijiandikisha kukimbia kilomita 21 mjini Moshi, nikanunua saa ya kupimia mwendo, na kwa miezi minne nikawa nashindana kila asubuhi na muda wangu wa jana. Siku ilipofika, katika kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka, goti la kulia likaanza kuuma, nami nikalilazimisha hadi mwisho kwa ajili ya dakika nilizokuwa nimejiwekea. Nilimaliza, lakini kwa miezi mitatu sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Kilichonihuzunisha zaidi ni kwamba, nilipozikumbuka asubuhi zile zote za mazoezi, sikupata hata moja niliyoifurahia.

Goti lilipopona nilianza upya kwa kanuni moja tu, ile ya mchakamchaka: mwendo uwe ule unaokuachia pumzi ya kuitikia wimbo, au walau ya kusema sentensi nzima bila kuikata katikati. Ukiona maneno yanakatika, umepita kiasi, kwa sababu mwili unadai kupumua kwa kasi kiasi kwamba pumzi ya kusemea haibaki, basi punguza. Kwa anayeanza, mwendo huo utakuwa wa polepole mno, pengine dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea, na hakuna sababu yoyote ya kuona haya akipitwa.

Siyadharau mashindano. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, aliipa nchi yetu heshima ambayo wazee wangu wanaisimulia hadi leo. Ninachokikataa ni dhana kwamba mbio ni za wenye kipaji pekee, kiasi kwamba mtu mzima akionekana anakimbia barabarani huulizwa mara moja anajiandaa na mashindano gani.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, naomba sana mtoke kabla ya saa 12 asubuhi, hasa kati ya Januari na Machi, kwani joto na unyevunyevu wa pwani humchosha mtu kabla miguu haijachoka. Raba za mtumba zinafaa kabisa, ila kabla ya kulipa bonyeza soli kwa kidole gumba, upande wa kisigino: ikiwa imekakamaa na hairudi, iache, hata kama juu inang'aa. Saa ya kupimia mwendo mimi huiacha nyumbani.

Jumamosi huwasubiri wanajoging karibu na Daraja la Tanzanite, nikajiunga nao mkiani, mahali wanapokimbia akina mama wa makamo na vijana wanaoanza. Daraja lina urefu wa kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari unavuma kutoka ubavuni, na wimbo ukitolewa mbele huchukua muda kidogo kutufikia sisi wa nyuma, hivyo tunaitikia kwa kuchelewa. Pale ninapoikosa pumzi ya kuitikia, natembea hadi irudi. Tukifika Coco, muuza madafu anakuwa ndiyo kwanza anashusha baiskeli yake, nasi tunakaa mchangani kumsubiri anoe panga.