Kuchora wahusika wa anime: anza na kichwa, macho yatafuata

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza kwa nini wahusika wake wa anime (katuni za Kijapani), ambao macho yao huyachora kwa uangalifu mkubwa, hutoka kama vinyago vilivyobandikwa macho, na kama kununua kompyuta kibao ya kuchorea kutamsaidia. Kwa uzoefu wangu hapa Lamu, kifaa hakitamfaa kitu kwa sasa. Penseli ya HB, nyingine ya 2B, raba laini na daftari lisilo na mistari vyatosha kabisa.

Kasoro iko katika kuanza na jicho. Jicho ndilo linalotuvutia, hivyo mkono hulikimbilia, kisha sehemu nyingine za uso hulizunguka kwa kubahatisha. Chora kwanza duara hafifu la fuvu, uongeze taya chini yake, kisha upitishe mstari wa wima katikati ya uso na mwingine wa mlalo utakaobeba macho. Kwa mtu halisi, macho hukaa katikati kabisa ya urefu wa kichwa, jambo ambalo wengi hawalisadiki mpaka wapime kwa penseli. Katika anime hushuka kidogo chini ya hapo, pua na mdomo vikasogea karibu na kidevu, na ndipo uso unapopata sura ya ujana. Uso ukigeuka upande, mistari hiyo sharti ipinde kufuata mviringo wa kichwa, na jicho la mbali liwe jembamba kuliko la karibu. Ukimaliza, igeuze karatasi na uiinue mbele ya dirisha lenye mwanga, uutazame mchoro kwa nyuma: jicho lililopanda au taya lililokwenda upande, ambalo ulikuwa umeshalizoea, utaliona mara moja.

Kunakili wahusika si vibaya, ila ni vyema kujua unachonakili. Mtindo wa macho makubwa ulienezwa sana na mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka, aliyevutiwa na katuni za Walt Disney. Mfululizo wake wa Astro Boy ulipoanza kuoneshwa kwenye televisheni ya Japani mwaka 1963, ilibidi kazi ipunguzwe, kwa kuwa filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde na hakuna studio ndogo iwezayo kuchora zote upya kila wiki. Wahusika wa namna hiyo huchorwa kwa mistari michache kwa sababu mtu atairudia mara nyingi mno, na kila mstari uliobaki umechaguliwa. Anayenakili mistari hiyo bila kuujua uso wa mtu hawezi kutambua kilichoachwa.

Ndiyo maana napenda kukaa kwenye uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, nikichora watu halisi kabla ya kuwageuza kuwa anime (kwa idhini yao, maana wapo wasiopenda kuchorwa, na wana haki). Pale hujifunza pia vivuli: jua la adhuhuri huigawa kanzu nyeupe sehemu mbili, angavu na yenye kivuli, kwa mpaka ulio wazi, nayo ndiyo rangi ya anime hasa. Usipake kivuli cha moshimoshi kwa kidole.

Kuhusu nguo, mikunjo huanzia pale kitambaa kinaposhikwa, yaani begani, kwenye kiwiko, au kwenye fundo la leso kiunoni, na kutoka hapo hutawanyika. Mikunjo mitatu iliyokaa mahali pake hutosha.