Jibu: Fungu la udhibiti mbele ya washambuliaji wa haraka

Ndugu, umeuliza kwa nini fungu lako la udhibiti (karata za kumzuia mpinzani kwanza, kisha kushinda baadaye) katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering linashindwa kila mara mbele ya vijana wa Ibanda wanaoshambulia tangu zamu ya kwanza. Katika orodha uliyoweka, tatizo ninaloliona ni gharama: karata zako nyingi za kujibu zinaanzia mana tatu (mana ndiyo nguvu ya kulipia karata), na unapofika hapo pointi zako 20 za uhai zimekwisha kupungua vibaya. Punguza Counterspell, karata inayobatilisha karata ya mpinzani pale anapoicheza, ambayo haina msaada wowote dhidi ya kiumbe kilichokwisha kushuka mezani, na kwa kuwa unacheza karata za rangi nyeusi, weka Fatal Push nne, zinazoua kwa mana moja tu kiumbe cha gharama ya mbili au chini yake. Wrath of God, inayoua viumbe vyote mezani, ibaki, lakini usiiharakishe. Kiumbe kimoja kivumilie, umwache mpinzani amwage mkono wake mezani, ndipo ufagie vyote. Ardhi (karata zinazotoa mana) zinazoingia zikiwa zimelazwa, yaani zisizoweza kutumika papo hapo, nazo zipungue. Karata za kuongeza uhai peke yake huchelewesha kifo tu, kwa hiyo ziweke kati ya zile 15 za akiba, uziingize kuanzia mchezo wa pili wa pambano.